Kadi za maneno ya tiba kwa mwaka wa kwanza: shajara ya mradi

Naandika haya kwa mkufunzi mwenzangu yeyote, au hata kiongozi wa darasa, atakayetaka kutengeneza kadi kama hizi. Bei zote ni za mtaani kwetu huku Mtwara, kwa tarehe zilizoandikwa, kwa shilingi za Tanzania. Kila hatua ikiisha nitaongeza.

5 Oktoba 2024. Kuanza

Nina wanachuo 46 wa astashahada ya uuguzi. Wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na sasa wamekutana na lugha ya tatu ambayo hakuna aliyewaambia kuwa ni lugha: Kigiriki na Kilatini kilichovishwa matamshi ya Kiingereza. Kinachozunguka darasani ni fotokopi ya kurasa 11, maneno yamepangwa kwa alfabeti. Wanaikariri usiku kucha, asubuhi wamefika herufi D.

Wazo langu ni kuyavunja maneno vipande. Mswahili hahitaji kuambiwa kuwa neno lina vipande; mtoto wa darasa la kwanza anatofautisha anapika, hapiki, anapikia na anapikisha, wala hajasikia neno kiambishi. Kwa hiyo hepatomegaly ni hepat-, ini, na -megaly, kukua kupita kiasi. Nephrectomy ni nephr-, figo, na -ectomy, kukata na kuondoa. Gastroscopy ni tumbo na kutazama ndani. Mashina 60, viambishi vya mbele 30, vya nyuma 30, basi mtu anaweza kusoma maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona.

Nimenunua manila 15 kwa 700 kila moja na maka peni 4 kwa 1,500. Jumla 16,500.

19 Oktoba. Hasara ya kwanza

Tumekata kadi 120 Jumamosi nzima. Upande mmoja kipande cha neno, upande wa pili maana. Jioni tukagundua wino wa maka umepenya: ukishika kadi ya nephr- unasoma "figo" kinyumenyume kutokea nyuma. Wanachuo walifurahi sana. Mimi sikufurahi.

Tumeanza upya. Maboksi tumeyapata bure duka la dawa, na maneno tumeyachapa kwenye kurasa 40 za steshenari kwa 200 kila ukurasa, tukayabandika. Gundi 3,000, karatasi 2,000, raba bendi 1,000. Jumla 14,000. Kadi za boksi ni nene, hazipepei na feni, na hazina siri inayovuja. Anayeiga aanzie hapa, aache manila.

Swali lililozuka wakati wa kubandika: kwa nini figo ina mashina mawili, nephr- na ren-? Mbona nephritis lakini renal failure? Nimewaambia Kigiriki ndicho kilichokuwa lugha ya waganga wa kale, Hippocrates na Galen waliandika kwacho, kwa hiyo magonjwa mengi yana majina ya Kigiriki. Majina ya viungo yakaenda Kilatini, na yalipangwa rasmi mjini Basel, Uswisi, mwaka 1895. Ndiyo maana mapafu ni pneumo- na pulmo-, ngozi ni derm- na cut-, jicho ni ophthalm- na ocul-. Mmoja akauliza kwa nini wasichague moja. Nikamuuliza: wewe una mganga, tabibu na daktari, umechagua yupi? Kadi ya shina sasa ina nafasi ya mashina mawili.

2 Novemba. Uvimbe mara mbili

Kosa hili ni langu mwenyewe. Kwenye kadi ya -itis niliandika "uvimbe". Kwenye kadi ya -oma pia niliandika "uvimbe". Wakati nazichapa sikuona tatizo, maana Kiswahili chetu kinaruhusu: jipu ni uvimbe, kifundo kilichoteguka kina uvimbe, na saratani nayo huitwa uvimbe kwa kuogopa kuitaja.

Kwenye jaribio dogo nilitoa hepatitis (homa ya ini) na hepatoma (saratani ya ini). Zaidi ya nusu ya darasa waliandika jibu lilelile kwa yote mawili, "uvimbe wa ini", na wote walikuwa wamefuata kadi zangu. Sikuweza kumkata mtu alama.

Nimejaribu "mchomo" kwa -itis, ikanikumbusha sindano. Nimejaribu "maambukizi", ambalo ni kosa, kwa sababu gastritis (-itis ya tumbo) inaweza kuletwa na dawa za maumivu na pombe, na arthritis (-itis ya viungo) nyingine hazina kijidudu. Mwisho nimerudi kwa Mrumi Celsus, wa karne ya kwanza, aliyetaja dalili nne: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Kadi ya -itis sasa ina maneno hayo manne na hakuna tafsiri ya neno moja. Wanaisoma kwa kuhesabu vidole. Kadi ya -oma inasema "kinundu au donge", na chini yake onyo: hematoma ni donge la damu iliyovilia, si saratani, na trachoma ni vikope. Hakuna kiambishi chenye nidhamu kamili.

16 Novemba. Haipo

Hii sikuibuni mimi. Binti mmoja wa safu ya nyuma alikuwa akichanganya hyper- (kuzidi kiwango) na hypo-, kinyume chake, kila siku. Siku moja akasimama akasema: "Madam, nimeshaelewa. Hypo ni *haipo*. Hypoglycemia, sukari haipo." Darasa likalipuka kwa vicheko, na tangu hapo hakuna aliyekosea. Kwa matamshi yetu ni neno lilelile, haipo, na kichwani linakaa bila gundi.

Wiki moja tu. Kisha tukafika hypodermic, na mtu akaandika "mgonjwa ambaye ngozi haipo". Halafu neva ya hypoglossal: "ulimi haupo". Nimecheka, halafu nikakaa kutengeneza. Hypo- maana yake ni chini, na chini ni kwa namna mbili: chini ya kiwango, kama sukari, presha, joto la mwili, na chini ya mahali, kama sindano ya chini ya ngozi au neva inayopita chini ya ulimi. Kadi ina mchoro: mshale wa kwanza unashuka kwenye kipimo, wa pili unapita chini ya mstari wa ngozi. "Haipo" imebaki kwa penseli pembeni, kwa upande wa kiwango peke yake.

Nimeongeza na sheria ya kinywa: wakati wa kukabidhiana zamu, hypertension na hypotension, yaani presha, zisitajwe bila nyongeza. Sema "ya kupanda" au "ya kushuka". Feni ikiwa juu na mtoto analia wodini, haipa na haipo ni sauti moja.

30 Novemba. Mapacha

Tumeweka maneno yanayofanana kwenye raba bendi moja. Ileum na ilium: la kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, la pili ni mfupa wa nyonga. Tumekubaliana e ni ya mmeng'enyo, i ni ya kiuno. Limekaa.

Dysphagia na dysphasia zilitusumbua. Ya kwanza ni shida ya kumeza, ya pili shida ya lugha, mara nyingi baada ya kiharusi. Nilidhani nimepata dawa: s ya kusema, g ya kugugumia, kama mtu anavyogugumia maji akitoka shamba. Jaribio likaja, na nusu wamegeuza. Nikawauliza g ni ya nini. "Kigugumizi, madam." Nilikuwa nimewapa herufi inayofungua milango miwili, na wao wakaingia ule walioujua zaidi. Sasa g ni ya tonge. Tonge halisemi, linamezwa tu.

Funzo kwa anayeiga: kila kifungo cha kumbukumbu ukijaribu kwanza kwa watu watano kabla ya kukichapa. Mimi nilichapa kwanza.

18 Januari 2025. Wodini, na kadi zote zimegeuka

Wiki hii wameingia wodini kwa mara ya kwanza. Nimeambatana na kikundi cha wanne.

Mgonjwa ni bibi wa miaka sabini na kitu. Kijana wangu, hodari kuliko wote kwenye kadi, akaanza vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nini kinakusumbua, bibi?"

"Chembe ya moyo, mjukuu wangu. Inanichoma. Nikila ndiyo kabisa."

Kijana akainama, akaandika kwenye daftari: *cardiac pain*, maumivu ya moyo. Mwandiko mzuri, tahajia sahihi.

Nikamwita pembeni. "Bibi alipokuwa akisema, mkono wake ulikuwa wapi?" Hakujua. Alikuwa anaandika. Tukarudi, nikamwomba bibi atuonyeshe tena. Akaweka vidole vitatu chini ya kidari, juu ya kitovu, akabonyeza na kukunja uso. Chembe ya moyo, kwa mtu yeyote aliyelelewa na bibi, ni pale. Moyo umetajwa kwenye jina tu, mahali penyewe ni juu ya tumbo.

Nikamuuliza kijana: "Epi- ni nini?" "Juu ya." "Gastr-?" "Tumbo." Anazijua zote mbili, anazitaja hata ukimwamsha usingizini. Lakini hajawahi kuzifikia kutokea upande wa bibi. Kadi zangu zote 120 zinaanza na Kigiriki na kuishia Kiswahili. Mgonjwa anaanza na Kiswahili. Kwa miezi mitatu nimewafundisha kusoma faili la mtu mwingine, sijawafundisha kuandika la kwao.

Usiku nilikuta jambo lililonifariji kidogo: Wagiriki nao walichanganya. Mahali ambapo umio unaingia kwenye mfuko wa tumbo hadi leo panaitwa cardia, kutokana na neno lao la moyo. Kwa hiyo bibi na Wagiriki wanaelewana, aliyepotea ni mwanafunzi wangu na mimi.

Nyongeza niliyompa kijana kabla hatujaondoka, na nimeiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: andika epigastric pain, lakini usiufute moyo kabisa. Kwa mtu mzima, hasa mwenye kisukari, mshtuko wa moyo unaweza kujitokeza kama maumivu ya chembe. Mwambie daktari mgonjwa alisema nini, kwa maneno yake, na alionyesha wapi.

1 Februari. Sanduku la pili

Tumenunua kaunta buku mbili kwa 4,500 kila moja. Kila mwanachuo anaandika neno alilolisikia kwa mgonjwa au nyumbani kwao, mgonjwa alishika wapi, na tafsiri baada ya kuuliza. Sasa yako 73, na kurasa 30 za kadi mpya zimechapwa kwa 6,000, gundi tena 3,000. Jumla ya hatua hii 18,000.

Maneno mengine ni mepesi: kiungulia, ganzi, kizunguzungu, degedege. Yaliyotuchosha ni yale yenye sura nyingi. "Ana kifua" inaweza kuwa kikohozi cha siku tatu, pumu, au familia inaogopa kutamka kifua kikuu. "Kichomi" kwa mmoja ni maumivu makali ya ubavuni, kwa mwingine ni jina la nimonia yenyewe. "Kifafa" ni epilepsy, lakini kifafa cha mimba ni eclampsia, na huyo hapewi miadi ya kliniki, anakimbizwa. "Choo" kinatakiwa kuulizwa kikubwa au kidogo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Na mshipa. Tumekaa saa nzima na mshipa. Kwa mgonjwa inaweza kuwa ateri, vena, neva, au kano inayovuta nyuma ya goti. Na mzee wa pwani akikwambia kwa sauti ya chini kuwa ana mshipa, usitafute mkononi: ni ngiri au busha, na anataka umfungie pazia. Kadi ya mshipa haina tafsiri mbele. Ina swali: "Nionyeshe ulipo, baba." Vijana walitaka waandike "mgonjwa" badala ya baba. Nimekataa. Mzee wa miaka sitini hawezi kukuonyesha busha ukimwita mgonjwa.

Siku hiyohiyo tulikuwa na dakika nzuri. Mwanachuo anayetoka Newala alikuwa akipanga kadi za homa, akafika chikungunya, akatulia. "Madam, hili ni letu." Kweli. Ugonjwa ulitambuliwa kwenye mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda za juu za Makonde, na jina limetokana na kitenzi cha Kimakonde cha kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma mpaka mtu anapinda. Akatuigiza bibi yake anavyotembea akiwa nao. Miaka michache baadaye, 1959, Uganda ikatoa o'nyong-nyong kutoka kwa Waacholi, nayo ni ya viungo. Nimefungua kundi la tatu la kadi, zenye karatasi ya kijani: maneno ya tiba yaliyotoka kwetu. Ziko mbili. Wameahidi kutafuta nyingine.

22 Februari. Saa

Nilidhani vifupisho vya dawa vitachukua saa moja. Vimechukua wiki mbili.

Vyenyewe si vigumu. BD ni bis in die, mara mbili kwa siku. TDS ni ter die sumendum, inywewe mara tatu kwa siku. PRN ni pro re nata, inapohitajika. Stat ni statim, sasa hivi. OD tumeiondoa sandukuni kabisa: ni omni die, kila siku, na pia oculus dexter, jicho la kulia. Matone ya macho yakiandikwa OD utachagua lipi? Andika "mara moja kila siku", andika "jicho la kulia", wino haujapanda bei. Na uniti za insulini ziandikwe kwa neno zima, maana U iliyokaa karibu na namba inasomeka sifuri, na 4U ikawa 40.

Tatizo lilikuwa saa. Kwenye zoezi la chati nilisema kwa mdomo, "dozi inayofuata saa nane." Watu 19 waliandika 08:00. Wamekulia kwenye saa nane ya mchana, wanakula chakula saa nane, lakini chati ilipokaa mbele yao wakaandika walichosikia. Dozi ya 14:00 imehamia asubuhi. Ilikuwa karatasi ya mazoezi, namshukuru Mungu.

Nikawapa kanuni: mchana ongeza sita, usiku ongeza kumi na nane, ikizidi 24 toa 24. Saa nane mchana, 14:00. Saa nne usiku, 22:00. Saa nane usiku, 26, toa 24, ni 02:00. Ikaenda vizuri mpaka mtu alipojaribu saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili na sita ni 18:00, nayo ni jioni. Kanuni imekatikia kwenye dozi ya kwanza ya siku, saa ambayo zamu ya usiku inatoa dawa.

Nimeacha kanuni. Nimenunua saa ya ukutani ya plastiki kwa 8,000, nikaifungua, nikabandika duara mbili za karatasi kuzunguka uso wake. Tarakimu zake za kawaida zimebaki katikati. Duara ya kijani ni saa zetu, ya nje ni 00 hadi 23, kila tarakimu na pacha wake. Mshale mfupi ukiwa kwenye 2, kijani kinasema nane, nje inasema 02 na 14. Duara ya kwanza niliibandika ikiwa imepinda kidogo, saa saba ikaelekea kwenye nane. Nimeibandua kwa maji ya moto na kurudia. Inaning'inia juu ya ubao.

Kilichobaki ni "kutwa mara tatu". Sote tumeandika hivyo kwenye bahasha za dawa, mimi nimeandika kwa miaka mingi. Lakini kutwa ni mchana wa jua, na mgonjwa anayekusikiliza vizuri atameza vyote vitatu kabla ya giza. Mbaya zaidi ni dawa mseto ya malaria: mtu mzima anameza vidonge vinne mara sita, jumla 24, na dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa kumi jioni, ya pili ni saa sita usiku. Ukimwambia "kutwa mara mbili" atalala mpaka asubuhi. Kadi ya BD sasa inauliza: umeanza saa ngapi? Na jibu linaandikwa kwenye boksi la dawa kwa saa ambayo mgonjwa anaisema nyumbani kwake.

15 Machi. Hesabu

Jaribio la mwisho halikuwa na Kigiriki. Nimesoma sentensi 20 za wagonjwa kama zilivyo kwenye kaunta buku, wao waandike neno la faili. Mara ya kwanza wastani ulikuwa 7, sasa ni 13. Yaliyoshindwa zaidi ni yale ya mahali pa mwili: kinena, nyonga, kiuno, ubavu. Hizo zinataka mchoro wa mwili mzima ukutani, maneno peke yake hayatoshi. Ndio kazi ya muhula ujao.

Gharama yote: 16,500 ya manila iliyopotea, 14,000, 18,000 na 8,000 ya saa. Jumla 56,500. Anayeanza kwa njia hii, kwa bei hizi, atatumia 40,000, kwa sababu manila imeshanunuliwa na mimi. Kama ana muda mdogo, aanze na kaunta buku, kadi za Kigiriki zifuate maneno yaliyokusanywa. Mimi nilifanya kinyume na nimelipa miezi mitatu.

Kadi zilizopotea ni saba, kati yake "haipo" mara mbili. Nashuku zinabebwa makusudi.

Kadi ya mshipa bado iko wazi. Ina maana tano. Jana mwanachuo wa Kilwa ameleta ya sita. Nimemwambia akaithibitishe kwa bibi yake kwanza, tusiichape bado.